Silabi na Mfuatano wa Sauti katika Lugha za Kuundwa

Lugha yoyote ile, iwe imerithiwa kizazi baada ya kizazi au imebuniwa na mtu mmoja mezani kwake, haina budi kuwa na majibu ya maswali mawili kuhusu sauti zake: ni sauti zipi zinazotumika, na sauti hizo zinaruhusiwa kufuatana vipi. Jibu la swali la kwanza huonekana mara moja katika alfabeti. Jibu la pili, ambalo wanaisimu huliita fonotaktiki, yaani kanuni za mfuatano wa sauti ndani ya neno, hufichika hata kwa wasemaji wenyewe, ambao huzitii kanuni hizo bila kuzijua mpaka wakutane na neno la kigeni linalowatatiza ulimi. Katika lugha za asili hakuna aliyekaa akazipitisha. Katika lugha za kuundwa zina mwenyewe: kuna mtu aliyeamua, au aliyeacha kuamua, kwamba neno liweze kuanza kwa konsonanti tatu au lisiweze, na uamuzi huo huonyesha, kuliko maelezo yoyote ya dibaji, ni nani aliyekusudiwa kuisema lugha hiyo. Historia ya lugha hizi tangu karne ya 17 inaonyesha pia kwamba watungaji wengi walioahidi wepesi waliutafuta mahali ambapo haupo: walihangaika na sauti mojamoja, ilhali kinachomshinda mwanafunzi mara nyingi ni jinsi sauti anazozijua zilivyopangwa.

Silabi ni kipande cha neno kinachotamkwa kwa mkupuo mmoja, na huwa na kiini, ambacho kwa kawaida ni irabu, kikitanguliwa na konsonanti moja au zaidi na pengine kikifuatwa na nyingine. Silabi inayoishia kwa irabu huitwa huru, na inayoishia kwa konsonanti huitwa funge. Muundo wa konsonanti moja na irabu moja, kama katika ki-ta-bu, hupatikana karibu katika kila lugha inayojulikana, na ndio ambao watoto huanza nao. Miundo mingine ni nyongeza ambazo baadhi ya lugha zinazo na nyingine hazina. Kiswahili hupendelea silabi huru, lakini huruhusu nazali iwe silabi peke yake, kama m ya mtu na n ya nchi, na kupitia maneno ya Kiarabu kimepokea silabi funge katikati ya neno, kama daf-ta-ri na lab-da. Neno linapoingia na mfuatano usiozoeleka, wasemaji huchopeka irabu: waqt ya Kiarabu ikawa wakati, rizq ikawa riziki, na hadi leo blanketi na bulangeti zinaishi bega kwa bega, moja ikiwa ya waliolizoea kundi la bl na nyingine ya waliolivunja. Katika blanketi hakuna sauti hata moja iliyo ngeni kwa Mswahili. B anayo, l anayo. Asichokuwa nacho kwa asili ni hizo mbili zikiwa zimeshikana mwanzoni mwa neno.

Muundo wa silabi ni suala la hesabu pia. Lugha yenye konsonanti 15 na irabu 5, ikiruhusu silabi huru za konsonanti na irabu tu, ina silabi 75. Maneno yake ya silabi mbili hayawezi kuzidi 5,625, na ikihitaji zaidi ya hapo italazimika kurefusha maneno. Lugha hiyohiyo ikiruhusu konsonanti nyingine mwishoni mwa silabi, hupata silabi 1,125 zaidi kwa mkupuo mmoja, na ikiruhusu makundi ya konsonanti mwanzoni, idadi huongezeka maradufu. Kwa hiyo mtungaji anayetaka maneno mafupi hulipia kwa ugumu wa kutamka, na anayetaka matamshi mepesi hulipia kwa urefu au kwa uchache wa maneno. Hakuna njia ya tatu, ingawa wengi waliandika kana kwamba wameiona.

Watungaji wa kwanza hawakuijali sana bei hiyo, kwa kuwa silabi kwao ilikuwa chombo cha kuainishia vitu wala si cha kurahisisha usemaji. John Wilkins, askofu wa Uingereza na mmoja wa waasisi wa Royal Society, alichapisha mwaka 1668 mfumo ambamo silabi ya kwanza hutaja jamii ya kitu, konsonanti inayofuata hutaja tofauti yake, na irabu ya mwisho hutaja aina: de ni elementi, deb ni moto, na deba ni mwali. Mfaransa François Sudre naye, katika lugha ya Solresol aliyoishughulikia kwa miongo kadhaa ya karne ya 19, alitumia majina saba ya noti za muziki yakiwa ndiyo silabi pekee, ambazo kwa hesabu tupu zinatoa maneno 2,800 yenye silabi moja hadi nne, na akageuza mpangilio ili kupata kinyume, hivi kwamba misol ni wema na solmi ni ubaya. Kutamka hakumshindi mtu katika mifumo hii miwili. Tatizo liko masikioni. Lugha za asili huacha nafasi nyingi tupu kati ya neno na neno, ili sauti moja ikipotea msikilizaji bado ajue kilichokusudiwa. Katika mfumo ambao karibu kila mfuatano una maana, na mifuatano inayokaribiana ina maana zinazokaribiana, kosa dogo kabisa la usikivu huzaa neno jingine linalofaa mahali palepale.

Hali ilibadilika pale lugha za kuundwa zilipoanza kudai zisemwe na umma. Johann Martin Schleyer, padri Mkatoliki wa Baden nchini Ujerumani aliyeitangaza Volapük kati ya 1879 na 1880, aliiepuka karibu kabisa sauti r akiwafikiria Wachina na wengine ambao huona kimadende hicho kigumu, na kwa hiyo maneno aliyoyatoa katika Kiingereza na Kijerumani yalibadilika sura: rafiki akawa flen, kaka akawa blod. Hapo ndipo mtazamo wa sauti mojamoja unapoonekana waziwazi. Msemaji aliyeondolewa r aliachiwa fl na bl mwanzoni mwa silabi, na d au n mwishoni mwake, na juu ya hayo akabebeshwa ä, ö na ü, irabu ambazo mtungaji hakuziona kuwa mzigo kwa sababu zilikuwa za lugha yake mwenyewe. Hata hivyo silabi funge za Volapük hazikutokana na uzembe. Schleyer alitaka mizizi ianze na iishie kwa konsonanti kwa sababu irabu alizitengea kazi ya sarufi: katika jina lenyewe la lugha, vol ni ulimwengu, pük ni usemi, na a iliyo katikati ni kiunganishi cha umilikishi; katika vitenzi, löfob ni "napenda", na ikitanguliwa na ä, kuwa älöfob, inakuwa ya wakati uliopita. Mzizi unaoanza kwa irabu ungechanganywa na kiambishi. Hivyo bara la Afrika likapoteza irabu yake ya mwanzo, likaongezewa op, alama ya mabara, likaitwa Fikop. Kanuni hiyo ina mantiki isiyopingika, na ndiyo iliyoyafanya maneno ya Volapük yasitambulike hata kwa watu ambao lugha zao ndizo zilizochangia mizizi.

L. L. Zamenhof, aliyechapisha kitabu chake cha kwanza cha Esperanto jijini Warsaw mwaka 1887, alichagua njia ya kinyume. Msomaji wa Kiswahili anayeifungua Esperanto kwa mara ya kwanza hujiona yuko nyumbani: irabu ni tano zilezile, kila herufi ina sauti moja, na mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kisha hukutana na knabo, yaani mvulana, na ŝtrumpo, yaani soksi ndefu, na kitenzi cha kila siku scii, "kujua", ambacho c yake husomwa ts, kwa hiyo neno huanza kwa s, t na s nyingine kabla irabu haijafika. Kikiongezewa kiambishi ek cha kuanza kwa tendo, kinakuwa ekscii, na hapo k, s na ts hupangwa foleni moja. Viambishi vya sarufi navyo vina sehemu yao, kwa kuwa wingi wa yambwa huishia kwa -ojn na -ajn, na kila nomino ya aina hiyo pamoja na kivumishi chake hufungwa kwa konsonanti mbili.

Kanuni 16 za sarufi ambazo Zamenhof alizitoa, na ambazo zilithibitishwa mwaka 1905 katika Fundamento, kitabu cha msingi kisichoruhusiwa kubadilishwa, zinataja namna ya kusoma herufi na mahali pa mkazo, lakini hazisemi lolote kuhusu mfuatano wa konsonanti. Ukimya huo haukuwa wa bure. Kanuni ya 15 inaruhusu maneno ya kimataifa yaingie yalivyo, kwa kubadilishiwa tahajia tu, na maneno yaliyoitwa ya kimataifa Ulaya ya wakati ule yalikuwa ya Kilatini, Kifaransa, Kijerumani na Kirusi, pamoja na makundi yao yote ya konsonanti. Wala haiwezi kusemwa kwamba Zamenhof hakuifahamu njia nyingine. Katika barua aliyomwandikia Nikolai Borovko alieleza kwamba awali alijaribu kuunda maneno kwa kuunganisha herufi katika silabi fupi kadiri iwezekanavyo, akaacha baada ya kuona kwamba maneno ya namna hiyo hayashikiki akilini. Alikuwa na chaguo kati ya neno jepesi kutamkwa na neno jepesi kukumbukwa, akachagua la pili. Chaguo hilo lina utetezi mzuri, ila wepesi wake ni wa mtu ambaye tayari ana kumbukumbu ya maneno hayo, na mtu huyo hakuwa Mswahili. Kwamba Kongamano la Dunia la Esperanto lilifanyika Arusha Agosti 2024, likiwa la kwanza barani Afrika, kunathibitisha kwamba kikwazo hicho kinavukika. Hakuthibitishi kwamba hakipo. Ido, iliyojitenga na Esperanto mwaka 1907, iliondoa herufi zenye kofia lakini makundi ya konsonanti iliyaacha karibu yote, na Interlingua ya mwaka 1951, iliyokusudia kufanana na lugha za Kirumi kadiri iwezekanavyo, haikuona sababu ya kuyagusa.

Swali hili liliingia katika isimu yenyewe pale Nikolai Trubetzkoy, mmoja wa waanzilishi wa fonolojia ya kisasa, alipolitengea makala nzima suala la mfumo wa sauti unaoifaa lugha ya kuundwa ya kimataifa, makala iliyochapishwa mwaka 1939, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Barani Afrika, Mghana K. A. Kumi Attobrah alitunga mwaka 1970 lugha aliyoiita Afrihili, kwa kuunganisha jina la bara na la Kiswahili, na humo nomino huanza na kuishia kwa irabu, sura inayofahamika kwa wasemaji wa Kiakan na wa Luganda kuliko ilivyo kwa Mjerumani. Lugha hiyo haikuenea, jambo ambalo limezikuta karibu lugha zote za aina yake bila kujali silabi zao.

Aliyeufikisha upande huu wa wepesi karibu na mwisho wake ni Sonja Lang wa Kanada, aliyeitoa Toki Pona mwaka 2001. Lugha hiyo ina konsonanti tisa tu, p, t, k, s, m, n, l, w na j inayosomwa kama y, na irabu tano. Silabi huwa na konsonanti moja kabla ya irabu, ambayo inaweza kukosekana mwanzoni mwa neno tu, na huweza kufungwa kwa n na si kwa sauti nyingine. Mifuatano minne imekatazwa: ji, wu na wo, kwa sababu kiyeyusho kikiwa karibu mno na irabu inayokifuata hakisikiki, na ti, kwa sababu katika lugha nyingi t hubadilika ikitangulia i. N haiwezi pia kufuatwa na n au m. Mwandishi anayetaka kuiita Tanzania huandika Tansanija: z haimo, kwa hiyo s inashika nafasi yake, na irabu i na a haziwezi kukaa ubavuni mwa nyingine, kwa hiyo y inaingia kati yao. Kenya inakuwa Kenja na hupita bila jeraha. Mara nyingi husemwa kwamba uchache wa maneno ya Toki Pona, ambayo ni kama 120, umesababishwa na uchache wa sauti. Hesabu inakanusha. Silabi zinazoweza kuanzisha neno ni 92, na maneno ya silabi mbili yanayokubalika kwa kanuni hizo yote ni 6,624, idadi inayoizidi mara nyingi sana ile inayotumika. Umaskini wa msamiati ulikuwa falsafa ya mtungaji, na silabi hazihusiki nao.

Katika mifano yote hiyo makundi ya konsonanti yamehesabiwa kuwa gharama. Lojban inayahesabu kuwa mtaji, na kwa hiyo inastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi. Lugha hii ilianzishwa mwaka 1987 na kundi lililojitenga na Loglan, mradi ambao James Cooke Brown wa Marekani aliuanza mwaka 1955 ili kupima kama lugha huathiri fikra, na lengo lake mojawapo ni kwamba mlolongo wa sauti usiweze kukatwa katika maneno kwa njia zaidi ya moja. Lugha za asili hudokeza mpaka wa neno kwa alama za hapa na pale. Mkazo wa Kiswahili, kwa kuwa hukaa pale pale daima, ni alama ya namna hiyo, na Trubetzkoy alizichambua alama hizo kwa kirefu. Lojban iliona dokezo halitoshi. Maneno yake ya msingi, ambayo ni zaidi ya 1,300, yana herufi tano kila moja na sura mbili tu zinazoruhusiwa, kama bangu, yaani lugha, na klama, yaani kwenda: huishia kwa irabu na huwa na konsonanti mbili zinazogusana. Maneno madogo ya sarufi hayaruhusiwi kamwe kuwa na konsonanti mbili zinazogusana. Majina ya watu na mahali huishia kwa konsonanti, kisha hufuatwa na kituo. Kwa hiyo msikilizaji anayesikia konsonanti mbili zikigusana anajua kwamba yumo ndani ya neno lenye maana kamili, na akisikia konsonanti ikifuatwa na kimya anajua kwamba ametajiwa jina.

Bei yake ni kwamba majina ya Kiswahili, ambayo karibu yote huishia kwa irabu, hayaingii bila kuongezewa mkia: Asha anakuwa Acas, c ikisomwa sh. Bei nyingine ni makundi 48 ya konsonanti mbili yanayoruhusiwa kuanza neno, ambayo si kila ulimi unayaweza, na watungaji walilijua hilo. Wakaruhusu msemaji achopeke irabu fupi kati ya konsonanti, mradi isiwe mojawapo ya irabu sita za Lojban yenyewe, ili isihesabiwe kuwa sehemu ya neno. Ni ufumbuzi wa busara kuliko wote uliowahi kutolewa kwa tatizo hili, kwa kuwa unakubali kwamba wasemaji watachopeka irabu kwa vyovyote vile na kuwatengea mahali pa kufanya hivyo. Mswahili, kwa bahati, hahitaji msaada huo kila mara. Mlatu, neno la Lojban la paka, lina silabi mbili kwa kanuni ya lugha hiyo, lakini kwake yeye lina tatu, m-la-tu, na mkazo unaangukia la katika hesabu zote mbili, hata asitambulike kwamba amekosea.

Lugha zilizotungwa kwa ajili ya sanaa hazimwahidi mtu wepesi, na huenda ndiyo sababu fonotaktiki yao imepangwa kwa uangalifu zaidi. J. R. R. Tolkien hakuziundia Quenya na Sindarin kanuni za silabi moja kwa moja. Aliunda lugha mama, akaipitisha katika mabadiliko ya sauti tofauti, na kanuni zikajitokeza. Mzizi mmoja wa kale wenye maana ya mti, galada, ulipoteza g ya mwanzo na irabu ya katikati katika Quenya ukawa alda, na katika Sindarin ukapoteza irabu ya mwisho ukawa galadh. Mabadiliko ya aina hiyo yakirudiwa katika msamiati wote, Quenya hubaki na maneno yanayoishia kwa irabu au kwa konsonanti chache laini, ikiikaribia sura ya Kifini, ilhali Sindarin hujaa silabi funge na kusikika kama Kiwelishi. Ndivyo lugha za Kibantu zinavyotofautiana pia: Kichewa kina njala pale ambapo Kiswahili, kwa kupoteza l, kina njaa.

Marc Okrand, aliyeitunga Klingon kwa filamu ya mwaka 1984, alitaka isikike kama ya viumbe wasio binadamu, na njia aliyoitumia inaelekea kinyume na ile ya Schleyer. Alichagua sauti zisizozoeleka kukaa pamoja katika lugha moja, kama d inayotamkwa ncha ya ulimi ikiwa imekunjwa nyuma kando ya t ya kawaida, lakini silabi akaziacha rahisi mno: konsonanti moja, irabu, na kwa kawaida konsonanti moja zaidi. Ugeni wote umo katika sauti, na ndiyo maana mashabiki walioshinda sauti hizo wanaweza kuisema kwa haraka. Paul Frommer, katika Na'vi ya filamu ya Avatar ya mwaka 2009, alichanganya mbinu: aliondoa b, d na g, akaweka ng mwanzoni mwa maneno kama nga, yaani wewe, jambo linalomkwaza Mwingereza lakini lisilomgusa aliyezoea ng'ombe, na akaruhusu rr na ll ziwe kiini cha silabi, hivi kwamba trr, yaani siku, ni neno kamili lisilo na irabu.

Lugha iliyopata wasemaji hurekebishwa nao, na marekebisho hayo yanaonyesha ni nini kinachoondoleka. Katika Volapük, Mholanzi Arie de Jong aliirudisha r mwaka 1931 bila kuibomoa lugha. Katika Esperanto, sauti ĥ, ambayo hutamkwa kama kh ya Kiarabu, imekuwa ikitoweka neno baada ya neno, na k kushika nafasi yake, kama ĥemio, yaani kemia, lililogeuka kemio, na teĥniko lililogeuka tekniko. Imebakia pale ilipokingwa na maana, kwa mfano katika ĥoro, yaani kwaya, kwa kuwa koro ni moyo na horo ni saa, ingawa hata hapo wapo wanaoikwepa kwa kusema koruso. Mabadiliko hayo yalipita kimyakimya kwa sababu sauti moja hubadilishwa na nyingine bila sura ya neno kuvunjika. Kundi la konsonanti haliondoki hivyo: kulivunja kunahitaji irabu, irabu huongeza silabi, na silabi mpya hubadilisha mzizi ambao Fundamento imeufunga tangu 1905, kwa hiyo scii bado huandikwa kama Zamenhof alivyoiandika, na wasemaji wa mabara yote hujitahidi kuisema wakiisukuma s yake ya mwanzo kwenye irabu ya neno lililotangulia.